Breki Orijino za Mia na Tisa

Tulikuwa tumeshaipita Soni, tunateremka kuelekea Mombo na magunia saba ya viazi mgongoni, nilipokanyaga breki na pedali ikaenda moja kwa moja mpaka kwenye bati. Haikutoa hata mlio. Nikapampu mara mbili, mara tatu. Bati. Anayeijua barabara ile ya Lushoto anajua kwamba upande mmoja kuna mlima na upande wa pili kuna hewa.

Baba Mkubwa alikuwa kando yangu, kikapu cha plamsi mapajani. Alisema neno moja tu: "Gia." Nikatoka ya tatu nikaingia ya pili, injini ikalia kama ng'ombe aliyekanyagwa mkia, kisha ya kwanza. Mpaka leo namwombea heri mhandisi aliyeweka sinkro, kile kinachofanya gia iingie bila kugombana, kwenye gia zote nne za Series III. Series IIA iliyotangulia haikuwa nayo kwenye gia ya kwanza na ya pili, na siku ile sikuwa na mikono ya kubembeleza gia. Mkono ukanitoka wenyewe kwenda kwenye hendibreki. Baba Mkubwa akauchapa kofi. "Acha hiyo, utatukatia shafti!"

Tulisimama kwa kuisugua Land Rover kwenye ukingo wa mtaro, upande wa mlima, alhamdulillahi. Plamsi zote zilikuwa miguuni. Tulikaa pale karibu saa nzima, dramu za breki, yale masufuria ya chuma yanayozunguka na tairi, zikinuka kama chungu kilichosahauliwa jikoni. Halafu nikaingia ndani, nikakanyaga breki kwa kujaribu tu, na pedali ikawa ngumu, iko juu, kama vile si yenyewe iliyotaka kutuua.

Gari lenyewe ni Land Rover Series III, pickup ndefu, ya mwaka 1976. Kwetu hakuna anayeiita Series III. Inaitwa mia na tisa, kwa sababu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kuna inchi 109. Baba Mkubwa aliinunua ikiwa imeshatumika, akapandia nayo milima ya Usambara miaka yote aliyokuwa akifanya biashara ya mboga, na macho yalipoanza kumsumbua akanikabidhi funguo pamoja na maelekezo ambayo hayajaisha hadi leo. Makala hii ni ya miezi saba niliyohangaika kuirudishia breki zake. Nasema zake kwa makusudi, maana njiani kila mtu alinishauri niiwekee breki za gari jingine.

Fundi wa kwanza, pale Mombo, hata hakufungua tairi. "Masta hiyo imekufa, mzee. Tunakuwekea ya Hilux, unasahau." Sina ugomvi na Hilux. Kuna mia na tisa nyingi zinazotembea na masta ya Toyota na wenyewe hawajafa. Lakini masta ni bomba la kusukumia mafuta, na kipenyo chake kimepigiwa hesabu pamoja na silinda za kila tairi na urefu wa mkono wa pedali. Ukibadilisha kimoja umebadilisha hesabu nzima. Isitoshe, masta iliyokufa haifufuki ikipumzika saa moja kivulini. Hilo ndilo lililonifanya nikatae, hata kabla sijajua lolote zaidi.

Kilichotokea, nilikuja kuelewa, ni kwamba mafuta ya breki yalichemka. Mafuta haya hunywa unyevu wa hewani taratibu, mwaka baada ya mwaka, hata kifuniko kikiwa kimekazwa. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za sentigredi. Yakishanywa maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachokubalika kinashuka hadi 155. DOT 3 ni 205, yakilowa 140. Sasa chukua dramu iliyosuguliwa kutoka Soni, mzigo wa viazi, dereva asiyetumia gia ndogo (ndiyo, mimi), na mafuta ambayo hakuna anayekumbuka yalibadilishwa lini. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanwa kama sponji: mguu unasukuma, mvuke unasinyaa, hakuna kinachofika kwenye tairi. Vikipoa, mvuke unarudi kuwa maji na pedali inarudi juu. Ongeza kwamba dramu ya chuma ikipata moto hutanuka kuelekea nje, inakikimbia kiatu, yaani kipande kinachoisugua kwa ndani. Breki za diski hazina ugonjwa huo wa pili. Mia na tisa yetu ina dramu pande zote nne.

Na mkondo ni mmoja. Hili watu wa magari ya sasa hawaliamini nikiwaambia. Masta moja, njia moja ya mafuta, tairi zote nne. Bomba likipasuka popote, breki zote zimekwisha. Mikondo miwili ilikuja kuwa kawaida kwenye Series III za miaka ya mwisho, lakini hii ya kwetu haikuwahi kuiona.

Tuliitambaza gari hadi nyumbani kwa gia ya kwanza, bila mzigo, nikainyanyua kwa jeki na kufungua tairi zote. Ushauri wangu kwa anayeanza kazi hii: usinunue kitu kabla hujaona kilichomo. Mimi nilishaanza kuuliza bei kwa simu. Nilipolala chini ya ekseli ya nyuma nikaona bomba la tairi la kushoto limegongwa nyundo likawa bapa, likakunjwa mara mbili kama mdomo wa mfuko wa sukari. Silinda ya upande ule ilikuwa kavu, imeshika kutu mpaka pistoni zimekuwa kitu kimoja na chuma chake. Gari lilikuwa linasimama kwa tairi tatu. Kikulacho ki nguoni mwako, ila mimi nguo yenyewe nilikuwa nimeiendesha miaka minne.

Nikamwita Baba Mkubwa aje aone. Aliinama, akatazama, wala hakushtuka. "Aa, huo mguu walishaufunga." Lini, Baba? Hakukumbuka. Alichokumbuka ni nyakati. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, mpaka wa Kenya ukafungwa mpaka 1983, katikati tukapigana vita vya Kagera, na spea ikawa kitu cha kuota. Land Rover zilikuwa zinaunganishwa Thika, kwenye kiwanda cha Leyland Kenya, lakini Thika ikawa mbali kama Ulaya. Silinda ikivuja, fundi anafunga mguu mmoja, unaendelea na safari. Ilikuwa akili. Tatizo ni kwamba shida ile iliisha na bomba likabaki limekunjwa.

Hapo ndipo nikaamua: zote nne, kama zilivyotoka kiwandani. Orijino.

Neno hilo nililitamka kwa wepisi. Duka la kwanza nililoingia Gerezani, Dar es Salaam, muuzaji alinionyesha boksi zuri lenye chapa ya kijani. "Hii orijino kabisa, bosi." Duka la pili kulikuwa na boksi la bluu, nayo orijino. La tatu hakukuwa na boksi, silinda ilikuwa kwenye mfuko wa nailoni, na ndiyo iliyokuwa orijino kuliko zote kwa sababu "imetoka kwenye gari lenyewe". Ikanibidi nijiulize hasa natafuta nini.

Land Rover hawakutengeneza breki zao. Zilitengenezwa na Girling, kampuni ya Kiingereza iliyokuwa chini ya Lucas, na jina hilo limo kwenye chuma cha silinda za zamani, limechomoza, unalisoma kwa kidole. Kwa hiyo spea yenye boksi la Land Rover na spea ya Girling zilikuwa kitu kimoja katika boksi mbili. Halafu makampuni yakaanza kuoana. Lucas ikaungana na Varity mwaka 1996, TRW ikainunua kampuni hiyo mwaka 1999, na mwaka 2015 TRW nayo ikaingia mikononi mwa ZF ya Ujerumani. Mzee mmoja pale Gerezani alikuwa na silinda kwenye boksi la TRW kaiweka pembeni na feki, anaiuza kwa bei ya feki, kwa kuwa hakuna neno Girling juu yake. Sikumsahihisha. Mungu anisamehe.

Kuna na nakala, na hapa sitaki kuwa mnafiki: si kila nakala ni mbovu. Dramu ya nakala iliyokerezwa vizuri ni dramu tu. Kwenye vitu vinavyobeba msukumo wa mafuta, yaani silinda, masta na mipira ya bomba, ndiko nilikokuwa mkaidi. Niliwahi kupewa silinda mpya, nikaivua kifuniko cha vumbi palepale dukani, nikaipitisha kidole ndani, na kidole kikakwaruzwa. Ukuta wa ndani wa silinda unatakiwa kuwa kama kioo, maana ndio unaosuguliwa na mpira kila unapokanyaga. Muuzaji alikasirika kwa nini nimefungua. Mimi nikakasirika kwa nini yeye hajafungua.

Venia, kile kipimo cha kubana kinachosoma milimita, ilinisaidia kuliko maneno. Nilinunua ile ya kawaida, ya chuma, nikawa natembea nayo mfukoni kama kalamu. Kuna Land Rover fupi ya inchi 88, na breki zake ni dramu za inchi 10. Za mia na tisa ni inchi 11, milimita 279 hivi. Spea za fupi ndizo zimejaa sokoni, na muuzaji akisikia Land Rover anashusha chochote. "Zote za Landrover hizo." Tofauti unaweza usiione kwa jicho. Chukua silinda yenye tundu la inchi 1 na nyingine ya inchi 1⅛: kipenyo kimezidi kwa milimita 3 tu na kidogo, lakini eneo la pistoni, ambalo ndilo linalosukuma kiatu, limezidi kwa zaidi ya robo. Ukiweka moja kushoto na nyingine kulia, siku utakayokanyaga kwa nguvu kwenye lami yenye maji usukani utakujulisha.

Namba nazo zina ukoo wake. Za zamani ni tarakimu tupu, sita. Baadaye zikaja zinazoanza na RTC, halafu STC, na spea ileile inaweza kuwa imepita majina yote matatu. Nilikaa usiku kadhaa na katalogi, simu mkononi, nikilinganisha na kilichokuwa sakafuni mwa banda. Na usiamini mwaka ulioandikwa kwenye kadi ya gari. Gari la umri huu limeshabadilishwa ekseli bila kumwambia mtu. Pima kilichopo.

Oktoba 2024 kulikuwa na tamasha la Land Rover Arusha. Nilikwenda kwa basi, kwa sababu zinazojulikana. Sijawahi kuona mia na tisa nyingi namna ile mahali pamoja, nyingine zinang'aa kama maharusi, nyingine zimekuja na matope yake ya shamba. Nilifanya kitu kimoja: nilikuwa natazama chini. Nikiona bomba la breki jipya, namsalimia mwenye gari. Kwa njia hiyo nikaelekezwa kwa mzee mmoja, fundi mstaafu wa gereji ya serikali, anaishi njia ya kwenda Usa River. Shikamoo, marahaba, chai, habari za Lushoto, mvua huko vipi. Baada ya saa moja na nusu ndipo alipofungua sanduku la mbao.

Silinda zilikuwa zimefungwa kwenye karatasi yenye nta. Jina la Girling limechomoza. Mbili za mbele kushoto, mbili za mbele kulia, kwa sababu mbele kila tairi la mia na tisa lina silinda mbili, na za kushoto haziendi kulia. Nyuma alikuwa nayo moja. Akaniongezea na seti ya viatu vya breki vya zamani, bado vina rangi yake, lining (tabaka linalosugua dramu) nene, havijawahi kugusa dramu. Nilihisi kama nimekuta dhahabu ya Geita.

Na vile viatu nikaviacha. Mzee hakunielewa, na kwenye basi la kurudi hata mimi nilikuwa nimeanza kujitilia shaka. Lakini lining za enzi zile zilichanganywa na asbesto, ndiyo iliyokuwa inavumilia joto, na vumbi lake likiingia kwenye mapafu haliondoki. Uingereza kwenyewe walikotengeneza viatu hivyo walikamilisha kuipiga marufuku mwaka 1999. Kila ninapofungua dramu nakuwa nimeinamia vumbi hilo, mara nyingi mtoto wa dada yangu yuko pembeni ananishikia taa. Viatu nilivyonunua ni vipya, vya kutoka Uingereza, visivyo na asbesto. Kwa mwenye kutaka kila kitu kiwe cha 1976 nimeshashindwa mtihani. Sawa. Na kwa kuwa sikujua lining zilizokuwa kwenye gari zilikuwa za aina gani, sikupuliza dramu kwa kompresa kama mafundi wetu wanavyopenda. Nilifuta kwa kitambaa kilicholowa, nikakifunga kwenye mfuko.

Mipira ya ndani ya zile silinda nayo niliitupa, yote. Chuma kwenye karatasi ya nta kinaweza kukaa miaka arobaini. Mpira hauwezi. Ulikuwa unaonekana mpya, ukiuminya kwa kucha haurudi. Nikaagiza mipira mipya ya vipimo hivyohivyo pamoja na silinda ya nyuma iliyokosekana, masta, na mipira mitatu ya kupitisha mafuta: miwili ya mbele na mmoja unaoshuka kwenye ekseli ya nyuma. Mipira hii mitatu huonekana mizima kwa nje ilhali ndani imevimba, mafuta yanaenda na hayarudi, na breki inabaki imeshika. Mzigo ulikuja kwa posta. Ukijumlisha usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18, bei ya masta ilifika mbuzi wawili wakubwa wa Lushoto. Baba Mkubwa alipiga hesabu hiyo mwenyewe, kwa sauti, mbele ya mke wangu.

Mabomba ya chuma yalikuwa yameoza. Fundi jirani alinishauri kopa ya friji, inakunjika vizuri, iko kila mahali. Kopa ya friji haikutengenezwa kwa msukumo wa breki wala kwa kutikiswa na barabara ya vumbi. Nilitumia bomba la shaba iliyochanganywa na nikeli, halishiki kutu na linakunjika kwa mkono. Ila kilichonitesa ni nati za bomba. Gari hili ni la inchi: nati ni tatu kwa nane, milimita 9.5, nyuzi 24 kwa inchi. Dukani kila nati ya bomba ni ya milimita 10. Zimefanana kama mapacha. Ya milimita 10 haiingii kwenye tundu la tatu kwa nane, na hapo una bahati, utajua. Hatari ni kinyume chake: nati ya inchi inaingia kwenye tundu la milimita 10, inazunguka, inakaza kidogo, unadhani umemaliza. Imeshikilia kwa ncha za nyuzi tu. Nilitenga kopo mbili za maziwa, moja ya inchi na moja ya milimita, na aliyezichanganya alijua siku hiyo ni siku yangu.

Kufunga kwenyewe kulichukua Jumamosi nne. Skrubu tatu zinazoshikilia kila dramu zilikuwa zimeganda. Bisibisi ya kawaida inazila vichwa, kwa hiyo niliazima ile ya kugonga na nyundo. Dramu mbili za mbele zilikuwa na mifereji, nikazipeleka zikakerezwe Korogwe, zote mbili kwa kipimo kimoja, kidogo sana, maana ukila chuma kingi dramu inakuwa pana na kiatu kinagusa katikati tu. Nyuma kushoto, kwenye ule mguu uliofungwa, viatu vilikuwa vimelowa oili ya difu, zile gia za katikati ya ekseli. Oili sili ya habu ilikuwa imechoka, na tundu la kupumulia la ekseli limeziba kwa tope, kwa hiyo ekseli ikipata moto inasukuma oili nje popote inapoweza. Viatu vipya juu ya oili ni pesa iliyotupwa. Nikabadilisha sili, nikazibua pumzi, ndipo nikarudi kwenye breki.

Springi zilinitoa jasho kuliko vyote. Kanuni niliyojiwekea ni kufungua upande mmoja tu kwa wakati mmoja, ili wa pili ubaki kuwa mwalimu. Hata hivyo siku ya kwanza nilifunga springi ya mbele kulia kwa kuitazama ya kushoto, nikasahau kwamba ni kioo, kila kitu kinageuka. Mbele kwenye mia na tisa viatu vyote viwili vimepangwa vikaenda na mzunguko wa dramu, gari likienda mbele dramu inavivuta vijikaze zaidi. Ndiyo siri ya gari lisilo na servo, yaani kifaa cha kuusaidia mguu kukanyaga breki, kusimama. Ndiyo siri pia ya kwa nini likirudi nyuma mlimani breki hizohizo zinakuwa laini, kitu ambacho Baba Mkubwa alikijua kwa matako yake miaka yote bila kusoma popote: "Hili usiliache lirudi. Likirudi halisikii." Vifaa vya mpira nilivisafisha kwa mafuta ya breki yenyewe. Petroli inavivimbisha, najua kila gereji ina kopo lake.

Halafu kutoa upepo. Nimesoma mbinu nyingi, na kwa breki hizi za silinda mbili nyingi hazifui dafu, kwa sababu upepo unajificha kwenye silinda ya juu na kwenye kibomba kinachounganisha mbili. Tulianza na Baba Mkubwa kwenye pedali, mimi chini.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia hapo, Baba. Usiachie."

"Nimeachia."

Tulitumia nusu lita tukiwa tunazunguka palepale, pedali imekuwa ya mkate. Kilichosaidia ni kukaza ajasta zote kwanza. Nyuma ya bamba la breki kuna kichwa cha nati, ukikizungusha kinageuza kamu yenye umbo la konokono, nayo inasukuma kiatu nje mpaka dramu haizunguki. Viatu vikiwa vimebanwa hivyo pistoni zinarudi ndani kabisa, nafasi ya upepo kujificha inakuwa ndogo. Tukainyanyua na pua ya gari juu ya mawe. Usiku nikaikandamiza pedali kwa kipande cha mti kilichoegemezwa kwenye kiti, ikalala hivyo. Asubuhi tukatoa upepo mara moja tena, nikalegeza ajasta mpaka kila tairi likazunguka huru, na pedali ikasimama juu, ngumu kama ngazi ya nyumba.

Suala la kuiwekea masta ya mikondo miwili tulilibishania sana. Iko, ni ya Land Rover hiyohiyo, ya miaka michache tu baadaye, na hoja yangu ilikuwa kwamba kitu cha kiwandani hakiwezi kuitwa kigeni. Baba Mkubwa alisema gari lilizaliwa na mkondo mmoja na limetufikisha. Nikamkumbusha mtaro. Akanikumbusha gia. Nimeacha mkondo mmoja kwa sasa, na sijaridhika. Kibao cha bati kilichoandikwa tarehe ya kubadilisha mafuta nimekitundika kwenye dashibodi: kila mwaka, kabla ya masika. Lile kofi la hendibreki nalo nimelielewa. Hendibreki ya gari hili haiko kwenye tairi, ni dramu moja nyuma ya geaboksi inayoshika shafti ya nyuma. Ni ya gari lililosimama. Ukiivuta katika mwendo, mshtuko wote unaenda kwenye difu na shafti zake. Na ukinyanyua tairi moja la nyuma kwa jeki haishikilii kitu, difu inaruhusu lile la juu kuzunguka na gari linaondoka. Weka mawe, tafadhali.

Januari tuliteremka tena. Magunia manne tu, si saba, na gia ya pili kuanzia Soni, nimejifunza. Viatu vipya havijakaa vizuri kwenye dramu mpaka visuguane kwanza, kwa hiyo nilikuwa nakanyaga kidogo, naachia, vipoe. Baba Mkubwa hakubeba plamsi. Kwenye ile kona alitazama mtaro, akatazama mguu wangu, akanyamaza.

Mombo nilipaki kwenye kivuli cha mwembe nikazunguka gari, nikiweka mgongo wa mkono karibu na kila dramu. Mbele kushoto moto. Mbele kulia moto, sawasawa na mwenzake. Nyuma kushoto, mguu uliofungwa miaka isiyohesabika, ulikuwa na joto zuri, nikabaki nimechuchumaa pale nikitabasamu kama mjinga. Nyuma kulia palikuwa pa baridi.

"Vipi?" Baba Mkubwa aliuliza kutoka kwenye benchi la mama wa chai.

"Nimelegeza ajasta mno huku."

"Basi kaza. Chai yako naiagiza, chapati mbili?"

"Tatu," nikasema, nikaingia chini na spana.